Lebo za asali, chupa tatu na bango moja: shajara ya mradi

Kikundi cha wafugaji nyuki wa upande wa Sikonge kinataka lebo mpya za asali kabla ya Nane Nane: chupa ya gramu 250, ya gramu 500 na ya kilo 1, pamoja na bango la banda lao. Kazi naifanyia Tabora mjini, kwenye duka langu la steshenari. Kompyuta ni ya mezani, RAM gigabaiti 4, na programu ni GIMP 2.10 ya kuhariri picha na Inkscape ya kuchorea, zote za bure. Naongeza maelezo kila hatua inapokamilika ili mwenye kazi kama hii achukue vipimo na kuendelea. Rangi na mapambo nitayapitia haraka. Kinachokula muda na karatasi ni kubadili ukubwa. Majina ya amri nayaandika kama yanavyosomeka kwenye programu, maana GIMP yangu ni ya Kiingereza.

10 Mei 2025: chupa kwanza

Zungushia chupa ukanda wa karatasi, tia alama ya kalamu pale unapokutana, kisha upime kwa rula. Pima sehemu iliyonyooka tu. Pale chupa inapoanza kujikunja kuelekea shingoni stika hukunjamana, hata uibandike kwa uangalifu gani.

Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4. Kwa hiyo chupa ya kilo 1 ya asali ina ujazo wa mililita 700 na kitu, na anayekisia lebo yake kwa chupa ya maji ya lita moja atajikuta lebo inajipanda yenyewe kwa nyuma.

Vipimo vya awali: kilo 1, milimita 150 kwa 80; gramu 500, milimita 120 kwa 60; gramu 250, milimita 90 kwa 45.

Milimita hizo hazina maana kwenye kompyuta mpaka uamue nukta ngapi kwa inchi. Gawa milimita kwa 25.4, zidisha kwa idadi ya nukta, unapata pikseli. Wengi huweka 300 na kwa picha inatosha kabisa. Mimi nimeweka 600, na sababu yake iko kwenye msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani, huko mbele. Lebo ya kilo 1 inakuwa pikseli 3543 kwa 1890, ya gramu 500 ni 2835 kwa 1417, ya gramu 250 ni 2126 kwa 1063.

Gharama: hakuna. Chupa za mfano wamezileta wenyewe.

17 Mei: picha na nembo

Picha waliyoichagua ni nzuri: mzinga wa gome umening'inia kwenye mti wa miombo, mrinaji amenyoosha mkono, moshi unapanda upande wa kushoto. Imenifikia kwa WhatsApp ikiwa pikseli 1600 kwa 1200, wakati simu iliyoipiga inatoa 4000 kwa 3000.

"Si ni ile ile?" katibu akauliza kwenye simu.

"Ni ile ile, katibu, ila imekondeshwa njiani. Itume tena kama dokumenti, usiitume kama picha."

Alipoituma hivyo ikaja nzima. Tofauti yake haionekani kwenye kioo cha simu. Nilizifungua zote mbili kwenye kompyuta nikazikuza pale moshi unapokutana na anga. Kwenye ile iliyokondeshwa moshi umekatika viraba vidogo vya pikseli 8 kwa 8, maana ndivyo JPEG inavyoigawa picha kabla ya kuibana. Viraba hivyo kwenye lebo ndogo havisumbui mtu. Kwenye bango la mita mbili vingeonekana kama vigae.

Nembo yao ni nyuki ndani ya duara, na walikuwa nayo kwenye faili la GIF pekee, pikseli 300 kwa 300. Hapa kuna mtego ambao sijawahi kuona ukielezwa vizuri. Faili la GIF hufunguka kwenye GIMP likiwa na orodha ya rangi maalumu, na likiwa katika hali hiyo programu haiwezi kutengeneza rangi ya katikati wakati wa kubadili ukubwa. Utachagua "Cubic", njia mojawapo ya kukokotoa pikseli mpya, utachagua chochote, na bado mbawa za nyuki zitatoka na meno ya msumeno. Kwanza nenda menyu ya Image, Mode, uchague RGB. Baada ya hapo ndipo ubadili ukubwa.

Hata hivyo pikseli 300 zikikuzwa hadi 900 bado ni pikseli 300 zilizovimba. Nembo ya duara na mistari michache haihitaji kuhangaikiwa hivyo. Nimeichora upya kwenye Inkscape juu ya ile ya zamani. Mchoro wa Inkscape ni mistari iliyokokotolewa, kwa hiyo unautoa kwa ukubwa wowote unaotaka, kila mara ukiwa mkali. Jioni moja imeisha hapo, lakini nembo wameipata ya kudumu.

31 Mei: faili zima kwa mkupuo, na kwa nini haikufaa

Mpango ulikuwa rahisi: buni lebo ya kilo 1 mpaka ikamilike, kisha "Scale Image" iipunguze kuwa ya 500 na ya 250. Lebo moja, mafaili matatu, chai.

Kwanza uwiano. 150 kwa 80 siyo uwiano sawa na 90 kwa 45. Ukiacha mnyororo wa uwiano, ile alama inayofunga upana na kimo pamoja, umefungwa na kuandika upana 2126, kimo kinakuja 1134 badala ya 1063, yaani milimita 3 zaidi. Ukiufungua mnyororo ukalazimisha 1063, programu inatii bila kuuliza: duara la nembo linakuwa yai, nyuki ananenepa, na mkono wa mrinaji unakuwa mfupi na mpana.

Pili maandishi. Anwani ya kikundi kwenye lebo kubwa ina herufi za pointi 7. Zikipunguzwa hadi asilimia 60 zinakuwa pointi 4.2. Mama mwenyekiti aliishika ile chapa ya jaribio, akaisogeza mbali, akaivuta karibu, akairudisha mezani: "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Tatu, ukishabadili ukubwa wa leya (tabaka la picha) ya maandishi, GIMP inaihesabu kuwa imeguswa na zana nyingine. Ukirudi kusahihisha namba ya simu inakuonya kwamba kuihariri kutayafuta mabadiliko uliyofanya. Na kweli, ukikubali, maandishi yanarudi kwenye ukubwa wa zamani na kufunika nembo.

Suluhisho lilianzia kwenye kikokotoo. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Lebo mbili za milimita 150 zikiwekwa sambamba ni 300, zinazidi karatasi kwa milimita 3. Kwa kipimo hicho karatasi moja inatoa lebo tatu tu za kilo 1. Nikishusha hadi 140 kwa 70 zinakaa nne, na pembezoni panabaki nafasi ambayo printa haifiki. Karatasi ya stika pamoja na kuchapa rangi ni Sh 2,000, kwa hiyo lebo moja inashuka kutoka karibu Sh 670 hadi Sh 500. Halafu 140 kwa 70 ni mbili kwa moja, sawasawa na 120 kwa 60 na 90 kwa 45. Tatizo la uwiano likafa papo hapo. Chupa ya kilo 1 haikulalamika. Sehemu yake iliyonyooka inatosha.

Kwa mtakaoiga: tafuteni uwiano mmoja wa lebo zote kabla ya kuchora hata mstari. Mimi niliuweka mwisho na ukanigharimu kuchora upya.

Sasa kila kitu kina utaratibu wake wa kubadilika:

Rangi ya nyuma na mpaka wa dhahabu: hivi vinapunguzwa pamoja na faili, havina neno.

Picha ya mzinga: inaingizwa upya kutoka kwenye ile ya asili kwa kila lebo, inapunguzwa mara moja tu hadi ukubwa wake wa mwisho. Inaposhuka chini ya nusu natumia "NoHalo". Kwingine "Cubic" inatosha. Kupunguza hulainisha kidogo, kwa hiyo mwisho napitisha "Sharpen" kwa mkono mwepesi. Ukizidisha, nyuzi za gome zinapata ukingo mweupe unaoonekana hata kwa asiyejua kitu.

Nembo: inatoka Inkscape kwa ukubwa kamili wa kila lebo.

Maandishi: yanaandikwa upya kwa kila ukubwa. Hayapunguzwi. Kwenye lebo ya 250 sentensi ya "Imerinwa kwenye misitu ya miombo" nimeitoa kabisa, na anwani imebaki pointi 6. Lebo ndogo inabeba maneno machache. Ukiyabana yote, msomaji haoni hata moja.

Msimbomilia una habari yake peke yake.

Kuhusu kupunguza mara moja tu: nilifanya jaribio la makusudi na nakala ya leya ya mzinga. Nikaishusha hadi asilimia 20 kwa "Scale Layer", kisha nikairudisha hadi ukubwa wa mwanzo. Vipimo vikarudi vile vile, pikseli kwa pikseli. Kamba ya kufungia mzinga haikurudi, imekuwa doa la kahawia. GIMP 2.10 ikishapunguza leya, pikseli zilizotupwa zimetupwa. Wenye Photoshop wana Smart Object tangu toleo la CS2 la mwaka 2005, ambayo hutunza picha ya asili ndani ya faili. Sisi wengine tunatunza folda. Yangu inaitwa ASILI na hakuna faili ndani yake linaloruhusiwa kuhifadhiwa upya.

Mambo mawili madogo ya hapa hapa. "Scale Layer" inabadili leya uliyoichagua peke yake, hata kama umeziunganisha kadhaa kwa alama ya mnyororo kwenye orodha ya leya. Ukitaka zilizounganishwa ziende pamoja, tumia zana ya kubadili ukubwa, Shift+S. Kwenye GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, minyororo hiyo imeondolewa. Unachagua leya kadhaa kwa wakati mmoja. Na "Canvas Size" hainyooshi kitu, inapanua meza tu: nilipoipanua bila kugusa chaguo la "Resize layers", rangi ya nyuma ilibaki na ukubwa wake wa zamani na brashi ikagoma kupaka nje ya mstari wa vidoti. Siyo ugonjwa, leya imeishia pale. Amri ya "Layer to Image Size" inaimaliza.

Kijana anayenisaidia alijifunzia Photoshop mpya, naye anaponyoosha kitu hashiki Shift, maana tangu toleo la 2019 programu hiyo hulinda uwiano yenyewe na Shift ndiyo huuvunja. Kwenye GIMP yangu ni kinyume. Kila akikaa kwenye kiti changu kuna nyuki ananenepa. Nimebandika karatasi juu ya kioo: SHIKA SHIFT.

14 Juni: msimbomilia

Hii ndiyo ile mistari myeusi na tarakimu 13. Kikundi kimeshapata namba zake GS1 Tanzania, wanaotoa namba za msimbomilia, zote zinaanza na 620, na kila ukubwa wa chupa una namba yake, kwa sababu mbele ya mashine ya dukani gramu 250 na gramu 500 ni bidhaa mbili tofauti. Picha aliyonitumia katibu ni JPEG. Kwenye lebo ya majaribio tuliingiza hiyo hiyo, tukaivuta pembe mpaka ikatosha kwenye nafasi iliyobaki, kama kila mtu anavyofanya.

Tukaipeleka kwenye duka moja la jumla karibu na soko kuu. Muuzaji akaipitisha kwenye skana: kimya. Akaipangusa kwa shati, akaipitisha tena.

"Haisomi hii, kaka. Mistari imeshikana."

Kwa macho haikuwa imeshikana. Nilipoikuza kwenye kioo hadi asilimia 800 ikaonekana alichokiona skana. Kila mstari mweusi una pikseli za kijivu ubavuni, na mistari miwili iliyopaswa kulingana, mmoja una pikseli 5, mwingine 6. "Cubic" imefanya kazi yake ya kulainisha. Uso wa mtu unalainishwa, msimbomilia haulainishwi.

Hesabu yake ni hii, na ndiyo iliyoamua nukta 600. Msimbomilia wa EAN-13 umegawanyika katika vipande 95 vya upana sawa. Mstari mwembamba kabisa ni kipande kimoja, mnene kabisa ni vinne. Ongeza nafasi tupu ya vipande 11 kushoto na 7 kulia, jumla 113. Kwa ukubwa kamili kipande kimoja ni milimita 0.33, kwa hiyo upana wote ni milimita 37.29. Inaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80, au kuukuza hadi asilimia 200. Chini ya 80 ni bahati nasibu.

Sasa pikseli. Kwa nukta 300, pikseli moja ni karibu milimita 0.085. Kipande cha pikseli 3 ni milimita 0.254, chini ya asilimia 80. Kipande cha pikseli 4 ni 0.339, zaidi kidogo ya asilimia 100. Katikati hakuna kitu, maana pikseli tatu na nusu haipo. Kwa nukta 600 nafasi inafunguka: pikseli 7 kwa kipande ni milimita 0.296, asilimia 90 hivi. Zidisha 113 kwa 7 unapata pikseli 791, milimita 33.5, na lebo ya milimita 90 inaubeba bila shida. Kwa lebo mbili kubwa nimeweka pikseli 8 kwa kipande, upana milimita 38.3.

Kwa hiyo ile JPEG nimeiacha. Inkscape inatengeneza msimbomilia yenyewe: menyu ya Extensions, Render, Barcode, unaandika namba. Tarakimu ya 13 ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutokana na 12 za mwanzo, kwa hiyo hakikisha inalingana na ile uliyopewa. Isipolingana umekosea kunakili namba, simama hapo hapo. Nimeutoa kama PNG kwa ukubwa unaofanya mstari mwembamba kuwa pikseli 7 kamili, nikahakiki kwa kukuza na kuhesabu. Ukilazimika kuubadili ndani ya GIMP, zidisha kwa namba kamili, mara 2 au mara 3, na kwenye "Interpolation" weka "None", ambayo hurudia pikseli ilivyo bila kukisia rangi ya katikati. Kisha funga leya hiyo isisogee.

Nafasi tupu za pembeni ni sehemu ya msimbomilia. Kijana wangu alisogeza mpaka wa dhahabu ukaingia humo kwa sababu palionekana pamekaa bure.

Mama mwenyekiti aliomba mistari iwe ya kahawia ifanane na asali. Skana nyingi za dukani huangaza mwanga mwekundu, na kahawia yenye wekundu mwingi hufifia mbele ya mwanga huo, wakati njano inaonekana kama nyeupe. Nyeusi juu ya njano ikasomeka vizuri. Amekubali nyeusi, ila kaniambia rangi ya mfuniko atachagua yeye.

28 Juni: kuchapa

Printa yangu ni ya wino wa maji. Tone moja la asali likishuka ubavuni mwa chupa, maandishi yanachuruzika nalo. Nachapia kwa jirani mwenye leza ya rangi.

Nikampelekea lebo tatu kwenye flashi. Kwa mazoea ya kazi za shule na barua, akazipachika kwenye Word, akazipanga kwa kuvuta pembe, akahifadhi, akachapa. Msimbomilia ukakataa tena. Kilichotokea ni kwamba Word, isipobadilishwa mpangilio, inapohifadhi hukondesha picha hadi pikseli 220 kwa inchi. Mstari wangu wa pikseli 7 unageuka pikseli mbili na nusu, tena umelainishwa. Na kule kuvuta pembe kulikuwa kumeongeza milimita moja hapa, kupunguza mbili pale.

Tangu hapo karatasi nzima naipanga mwenyewe ndani ya GIMP. Kanvasi ya A4 kwa nukta 600 ni pikseli 4961 kwa 7016. Lebo iliyokamilika naifanya leya moja kwa "New from Visible", nainakili, naipanga kwa zana ya kulinganisha. Zinakaa 4 za kilo 1, 6 za gramu 500, 12 za gramu 250. Natoa PDF.

Chapa iliyofuata ikatoka safi, ila lebo zikawa ndogo. Dirisha la kuchapa lilikuwa limewekwa "Fit", yaani ukurasa unabanwa ili uingie ndani ya pembezo za printa. Unaweza kupima pikseli zako mwezi mzima, halafu kitufe kimoja kwenye kompyuta ya mtu mwingine kikabadili ukubwa wote bila kukwambia. Weka "Actual size".

Tena, chora mstari wa milimita 100 kwenye ukingo wa kila karatasi, pikseli 2362 kwa nukta 600. Chapa karatasi moja, upime kwa rula kabla ya kuruhusu zilizobaki. Ule wangu ulitoka na milimita 96, na ndivyo tulivyogundua. Sasa jirani mwenyewe anaanza kwa kuutafuta.

Tulirudi kwenye lile duka la jumla na lebo ikiwa imeshabandikwa kwenye chupa, siyo karatasi bapa, kwa sababu mviringo wa chupa ndogo nao huisumbua skana. Ikalia mara ya kwanza kwa zote tatu. Muuzaji akauliza bei ya asali.

12 Julai: bango

Bango ni mita 2 kwa 1. Uwiano ule ule wa mbili kwa moja, kwa hiyo mpangilio wa lebo unakaa bila kukatwa.

Tulianza na nukta 300 kwa inchi, kwa imani kwamba bango kubwa linahitaji ubora mkubwa. Pikseli 23,622 kwa 11,811, jumla milioni 279. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo leya moja tupu ni zaidi ya gigabaiti 1.1, nami nina leya zaidi ya kumi kwenye RAM ya gigabaiti 4. Kompyuta ilianza kuandika kwenye diski, taa ikawaka bila kuzima, kisha umeme ukakatika na kazi yote ikaenda.

Ubora wa bango unategemea mtu atasimama wapi. Jicho zuri likiwa mita 3 kutoka kwenye bango halitofautishi zaidi ya nukta 30 hivi kwa inchi. Likiwa mita 1, ni 87 au 88. Kwa nukta 100 umewatosheleza hata wale watakaosogea kusoma namba ya simu. Faili linakuwa pikseli 7,874 kwa 3,937, leya moja megabaiti 124 hivi. Linafunguka, linahifadhiwa, maisha yanaendelea.

Picha ya mzinga, ile ya 4000 kwa 3000, kwa nukta 100 inajaza upana wa mita moja bila kukuzwa hata kidogo. Ile ya WhatsApp ingeishia sentimita 40.

Kazi ngumu ilikuwa picha ya mzee mwanzilishi wa kikundi, marehemu. Ipo moja tu, ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, ina alama ya muhuri pembeni. Walitaka ionekane kwa upana wa sentimita 30, yaani pikseli 1,181. Kijana akaiskani kwa nukta 300, ikatoka na upana wa pikseli 413, akaipeleka kwenye programu ya akili bandia ya kukuza picha kupitia mtandao. Ikarudi kali ajabu: kope moja moja, ngozi laini, kola imenyooka. Tukamwita mama mwenyekiti aione.

Aliitazama kwa muda. "Huyu ni nani?"

"Ni mzee, mama."

"Huyu siyo baba yetu. Baba alikuwa na jicho la kushoto limesinzia."

Ni kweli. Programu haikuona kope iliyoshuka, iliona pikseli chache zenye giza, ikaweka jicho la mtu mwingine. Tukaiskani upya ile karatasi kwa nukta 1200: pikseli 1,654 kwa 2,126. Karatasi ya pasipoti haina undani wote huo, sehemu kubwa ya pikseli hizo ni chembe za karatasi yenyewe, lakini sasa tunapunguza badala ya kukuza. Nikatumia "Cubic", nikafuta alama ya muhuri kwa zana ya kunakili, kope sikuigusa. Kwa karibu ina ukungu kidogo. Kwa hatua tatu ni mzee.

26 Julai: hesabu, na kilichobaki

Karatasi za stika zilizoharibika kwenye majaribio, nyingi zikiwa za siku ile ya Word: Sh 16,000. Karatasi nzuri za awamu ya kwanza: Sh 60,000. Bango, kuchapa na kutoboa matundu ya kamba: Sh 30,000. Flashi mpya baada ya ile ya kwanza kurudi na virusi: Sh 12,000. Ada za msimbomilia kikundi kililipa chenyewe, sikuzihesabu. Gharama kwa lebo moja: kilo 1 Sh 500, gramu 500 karibu Sh 335, gramu 250 karibu Sh 170.

Mafaili yamekaa hivi: folda ya ASILI, faili la XCF (la GIMP lenyewe) la kila ukubwa, maandishi yakiwa bado maandishi, na PDF tatu za kuchapia. Katibu amepewa nakala kwenye flashi, na maelezo ya "Actual size" nimeyaandika ndani ya PDF zenyewe, chini ya ule mstari wa milimita 100.

Wameongeza kazi: ndoo ya kilo 5. Mdomo wake ni mpana kuliko kitako, kwa hiyo lebo ya mstatili ukiizungusha ncha zake zinapanda juu. Itabidi lebo yenyewe ikatwe kwa upinde, na leya za maandishi zifuate upinde huo. Nimeshachukua mzingo wa juu, mzingo wa chini na kimo cha ubavu. Msimbomilia nitauweka wima, mistari ikilala kama ngazi, ili mviringo usiupinde. Nitaongeza hapa ikishachapwa.